Niliyojifunza Katika Kutafsiri "Ukumbi" kwa Kihispania

Harusi, mahafali, mkutano wa chama, taarabu: kwetu yote hufanyika ukumbini. Nikitafsiri mikataba ya vikundi vya muziki kwa Kihispania, neno hilo moja hunidai maswali mengi.

1. Uliza watu watakaaje. *Teatro* ina viti, roshani na pazia, kama Teatro Colón ya Buenos Aires, iliyofunguliwa mwaka 1908. *Auditorio* hujengwa kwa ajili ya sikio. Katika Auditorio Nacional de Música ya Madrid, ya mwaka 1988, baadhi ya wasikilizaji huketi nyuma ya okestra, wakitazamana na kondakta. Na kama watu watasimama na kucheza, usiku, kinywaji mkononi, hapo ni *sala*.

2. *Escenario* si ukumbi. Ni jukwaa lenyewe, pale mwimbaji anapokanyaga. Kosa hili ni jepesi kufanyika, na katika mkataba lina gharama. Ukiandika kwamba *escenario* ina nafasi ya watu 400, fundi ataelewa kuwa watu 400 watapanda jukwaani. Idadi ya watazamaji huitwa *aforo*. Vipimo vya mbao, kina na upana, ndivyo vya *escenario*. Tamasha la nje huweza kuwa na *escenarios* kadhaa ndani ya *recinto* moja, yaani eneo zima lililozungushiwa uzio. Mimi huandika maneno haya matatu kwenye mistari tofauti, kila moja na tarakimu zake, ili mpiga ngoma asifike akakuta jukwaa lisilomtosha.

3. *Tablao* ni ya flamenko. Jina limetokana na mbao, kwa sababu miguu ya mchezaji nayo ni ala. Corral de la Morería ya Madrid imekuwa ikionyesha flamenko tangu 1956. Usiliazime kwa onyesho lingine, hata likionekana zuri kwenye bango.

4. Nchi hubadilisha maana. Mexico huita kumbi nyingi *foro*, neno ambalo Hispania hulisikia zaidi kwenye mijadala. Hata *auditorio* huko si ya okestra tu: Auditorio Nacional ya Mexico City huchukua watu wapatao 10,000, na nyota wa pop hujaza viti vyake.

Kwa hiyo, mtafsiri mwenzangu, kabla ya kufungua kamusi omba picha ya ndani ya ukumbi na *aforo* yake. Na kama mahali pana jina lake rasmi, liandike hilo hilo bila kuligusa.