Kwa Nini Twapenda Hadithi za Kutisha?

Jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi ni jambo tunalolijua sote, lakini ni wachache waliopata kukaa wakalifikiri. Jambo lenyewe ni hili: binadamu huikimbia hofu, na papo hapo huitafuta. Mtu akisikia kwamba simba yuko njiani hugeuka akarudi alikotoka; lakini jioni akiambiwa kwamba iko hadithi ya simba mla watu, husogea karibu na msimulizi. Mtoto hujifunika shuka gubigubi kwa kuliogopa zimwi, kisha kutoka ndani ya shuka husema, "Endelea, bibi." Je, ni kwa nini? Na je, hadithi hizo zatufaa au zatudhuru? Nauliza swali hili la pili kwa sababu wako watu wazima wenye nia njema wasemao kwamba hadithi za mazimwi na mizimu zifungiwe nje ya shule, maana hujaza ushirikina katika vichwa vya watoto. Neno lao si la kupuuzwa, nami nitalijibu baada ya kueleza hoja zangu moja moja.

Kwanza yafaa tujue hofu ni kitu gani. Sisi wanafunzi wa Baiolojia twafundishwa kwamba juu ya kila figo pana tezi ndogo itoayo homoni iitwayo adrenalini. Jicho au sikio likileta habari ya hatari, sehemu moja ndogo ya ubongo, yenye umbo kama la lozi, huuamsha mwili kabla hata fikra haijakaa sawa. Adrenalini huingia katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huja haraka haraka, mboni za macho hupanuka, na damu nyingi huelekea kwenye misuli ili mtu apigane au akimbie. Mambo haya hutokea hata kama hatari yenyewe ni ya maneno matupu. Lakini msikilizaji wa hadithi anayo faida ambayo mtu aliyekutana na simba hana. Akili yake yajua kwamba amekaa mkekani, mlango umefungwa, na wenziwe wako karibu. Kwa hiyo hofu ikishapita, mwili hubaki umechangamka pasipo adui wa kupigana naye, na ule uchangamfu hugeuka kuwa furaha. Ndiyo maana hadithi ya kutisha ikisimuliwa bwenini usiku, sauti ya kwanza isikikayo baada ya ukelele aghalabu ni kicheko.

Walakini maelezo hayo ya mwili hayatoshi. Kama tungalitaka mshtuko peke yake, ingalitosha mtu kujificha nyuma ya mlango akatushtua, wala tusingehitaji hadithi. Hadithi hufanya kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: huipa hofu yetu umbo, jina na mwisho.

Tutazame mfano mmoja ujulikanao pwani na bara. Wasichana walikwenda baharini kuokota makombe. Mmoja wao aliweka kombe lake juu ya jiwe akalisahau, na walipokuwa njiani kurudi akalikumbuka. Aliwaomba wenziwe wamsindikize, wakakataa. Alirudi peke yake, na huko akamkuta zimwi, naye akamtia ndani ya ngoma. Toka hapo zimwi lilizunguka vijiji likipiga ngoma hiyo, na msichana akiimba kutoka ndani, na watu wakilipa zimwi chakula kwa uzuri wa ile sauti. Hata siku moja likafika katika mji wa wazazi wake, na mama akaitambua sauti ya mwanawe. Zimwi likapewa karamu, na lilipokuwa likishughulika na chakula msichana akatolewa, ngoma ikajazwa nyuki na nyoka. Mwisho wa zimwi kila mtu anaujua.

Sasa, ndugu msomaji, hebu tuulize: mtoto aisikiaye hadithi hiyo huogopa nini? Hapana shaka huogopa zimwi. Lakini chini ya zimwi iko hofu ambayo mtoto huyo alikuwa nayo kabla hajaisikia hadithi yoyote, nayo ni hofu ya kuachwa. Kila mtoto amepata kubaki nyuma, kila mtoto amepata kuwaomba wenziwe wamngoje wasimngoje. Hofu hiyo mtoto hawezi kuisema, kwa sababu hana maneno yake. Hadithi humpa maneno, kisha humwambia kitu ambacho hatakisahau: hata ukiwa gizani ndani ya ngoma, imba, kwa maana yuko mtu aijuaye sauti yako. Mtu akiliondoa zimwi katika hadithi hii kwa kumhurumia mtoto, ataiondoa na faraja pia, kwani hapatakuwa na jambo la kufarijiwa.

Hoja yangu ya pili ni kwamba hadithi ya kutisha husema mambo ambayo si rahisi kusemwa waziwazi. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alipiga chapa London kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya Unguja. Ndani yake imo hadithi ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Nunda huyo hakutoka msituni wala kuzimu. Alikuwa paka wa nyumbani mwa Sultani. Alianza kula kuku na ndama, watu wakaenda kushitaki, naye Sultani akawajibu kwamba paka ni wake, na wanyama ni mali yake pia. Paka akaendelea: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, kisha watu, na kila aliposhitakiwa, Sultani alimtetea. Hata alipowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo baba akafumbua macho akasema kwamba huyo si paka tena, ni Nunda. Aliyetoka kwenda kumtafuta ni mwana wa mwisho, aliyekuwa akidharauliwa kama mtu wa kukaa jikoni. Aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, mbwa, pundamilia, twiga, hata tembo, na kila mara mama yake alimwambia kwamba siye. Hakukata tamaa mpaka alipompata Nunda mlimani akamwua.

Mtoto akiisikia hadithi hii hufurahia ushujaa wa kijana. Mtu mzima akiisikia hukaa kimya kidogo, kwa kuwa huona kwamba zimwi lililokula mji lilifugwa na kutetewa na mkubwa wa mji, na kwamba lingaliweza kuzuiwa siku lilipokula kuku wa kwanza. Kumwambia sultani neno hilo mbele ya watu kungalikuwa hatari. Kumwambia hadithi ya paka hakuna hatari. Nayo si hadithi ya Unguja peke yake sasa, maana Andrew Lang aliitia katika kitabu chake cha hadithi za watoto wa Kiingereza mwaka 1901, na watoto wa Ulaya nao wakamwogopa Nunda wetu.

Hapo twafika kwa watu wazima. Wako wadhanio kwamba hadithi za kutisha ni mambo ya kitoto. Mwaka 1815 mlima wa Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka, na vumbi lake likazuia jua hata mwaka uliofuata ukawa mwaka wa baridi na mvua katika sehemu nyingi za Ulaya. Katika hali hiyo, mwaka 1816, kikundi kidogo cha Waingereza kilikuwa kimekaa karibu na ziwa la Geneva, nchi ya Uswisi, wamezuiliwa ndani na mvua. Mshairi Byron akatoa shauri kwamba kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Aliyeshinda hakuwa mshairi huyo maarufu, bali binti wa miaka 18, ambaye twamjua kwa jina la Mary Shelley. Kitabu chake, Frankenstein, kilitoka mwaka 1818. Watu wengi hudhani kwamba Frankenstein ni jina la zimwi. Kumbe ni jina la mwanafunzi aliyeliumba kwa viungo vya maiti, kisha akalikimbia kwa kuchukizwa na sura yake. Zimwi lenyewe halikupewa jina. Liliomba wema, likafukuzwa kila mahali, na ndipo likawa la kuua. Hofu iliyomo humo si hofu ya kuliwa. Ni hofu ya mtu mzima, yaani kuogopa kazi ya mikono yake mwenyewe, na jambo aliloliacha bila malezi.

Na kwetu, mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inaonekana mahali pa mzimu, mahali panapoogopwa, na msomaji nywele zinamsimama. Lakini Bwana Msa, huku akivuta kiko chake, hatafuti pepo. Hutafuta mtu, kwa swali na kwa ushahidi. Msomaji aliyeingia kitabuni kwa hofu hutoka kwa akili. Mwandishi huyo alijua kwamba hofu ni mshipi mzuri wa kuvulia msomaji.

Sasa nijibu neno la wale wasemao hadithi hizi huleta ushirikina. Ni kweli kwamba hofu ya mambo yasiyoonekana imefanya maovu makubwa katika nchi yetu. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulianza Pemba ukaingia Unguja, hata watu wakaziacha nyumba zao wakalala nje makundi makundi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ati kwa sababu macho yao ni mekundu, hali moshi wa jikoni wa miaka mingi watosha kuyafanya mekundu. Wenzetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata mwaka 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wengine kati ya waliotendewa hivyo walikuwa watoto wa shule kama sisi. Hili si jambo la kuchekea.

Lakini tupambanue. Hadithi ina mlango. Msimulizi husema "Paukwa!" nasi hujibu "Pakawa!", na kwa maneno hayo mawili sote tumekubaliana kwamba tunaingia katika nchi ya uwongo wenye maana. Mwishoni hutufungulia tukatoka: hadithi imekwisha, zimwi limekufa, tulale. Uvumi hauna mlango. Hauanzi kwa paukwa. Huanza kwa "nimesikia". Hauna mwisho, wala msimulizi wa kuulizwa. Na tofauti iliyo kubwa kupita zote ni hii: zimwi la hadithi haliishi mtaani kwetu, bali uvumi humtafuta jirani, bibi kizee au mtoto asiye na kosa, ukamvika sura ya zimwi. Hadithi huua zimwi. Uvumi huua mtu. Kwa hiyo nasema kwamba aliyelelewa na hadithi nyingi, akazoea kuingia na kutoka, ana nafasi nzuri zaidi ya kuutambua uvumi usemao uwongo bila kubisha hodi. Wahenga walisema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Nami naongeza kwamba zimwi ulijualo nalo halikutishi likakumaliza.

Hata hivyo kila chombo kina matumizi yake. Kwa maoni yangu, asimuliaye hadithi za kutisha yampasa ashike mambo manne. La kwanza, aufungue mlango na aufunge. Asimwache mtoto ndani ya ngoma, akamwambia "tutamalizia kesho". La pili, apime umri: mtoto mdogo sana hajaweza kutenga la kweli na la kubuni, na hadithi imfaayo kaka yake yaweza kumnyima usingizi. La tatu, asimtumie zimwi kama fimbo, kumwambia mtoto "usipolala litakuja", kwa sababu hapo zimwi limetolewa katika hadithi likaingizwa chumbani. La nne, nalo ni sharti kuliko yote, asimpe zimwi sura ya mtu aliye hai, wala kilema chake, wala rangi yake, wala uzee wake.

Wahenga walisema pia, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Hofu si aibu, ni mlinzi tuliyepewa. Kazi ya hadithi ni kumfundisha mlinzi huyo ajue wakati wa kupiga kelele na wakati wa kunyamaza. Kwa sababu hiyo naona si haki kuzifungia nje ya shule, bali yafaa ziingie ndani, zisomwe mchana na kujadiliwa.

Likizo i karibu. Nawaomba wanafunzi wenzangu, wa vidato vyote, kila mmoja amwombe babu au bibi yake hadithi moja ya zimwi, aiandike kama alivyoisikia, na jina la mahali ilikosimuliwa, kisha ailete kwa wahariri wa gazeti letu muhula ujao. Wazee wetu wanapungua, na kila aondokaye huondoka na mazimwi yake. Tusipoyaandika, watabaki wavumishao peke yao.