Hamira ni Kitu Hai

Palikuwa na mwoka mikate mmoja aliyekuwa na kijana wa kumfundisha kazi. Alfajiri moja yenye baridi, yule kijana alitaka kuiharakisha kazi yake. Akachemsha maji, akayamimina juu ya hamira yangali yakitokota, kisha akakanda unga. Alingoja saa mbili, lakini donge halikuumuka hata kidogo. Unga wote wa siku ile ukaharibika.

Fundi alipomwuliza, alijibu, "Mwenye duka ametudanganya, Fundi. Ametuuzia hamira mbovu. Nitakwenda kumshitaki mbele ya watu."

Fundi akasema, "Ngoja, mwanangu. Usimhukumu mtu kabla hujapima."

Akatwaa vikombe vitatu, akatia katika kila kimoja kijiko cha hamira ile ile na kijiko cha sukari. Katika kikombe cha kwanza alitia maji baridi ya mtungini. Katika cha pili maji ya vuguvugu, yasiyochoma kidole. Na katika cha tatu maji yaliyochemka. Baada ya robo saa, kikombe cha pili kilijaa povu. Cha kwanza kilikuwa na povu kidogo sana, na cha tatu hakikuwa nalo kabisa. Jua lilipopanda, Fundi alikiweka kikombe cha kwanza juani, nacho kikaanza kutoa povu; lakini kile cha tatu, hata kilipopoa, kilikaa vile vile.

Sababu yake ni hii. Hamira si unga mtupu, bali ni viumbe hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona pasipo hadubini. Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza ya kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Viumbe hivyo hula sukari na kutoa hewa, nayo ndiyo iliinuayo donge. Baridi huvilaza usingizi tu. Joto lililo karibu na lile la mwili wa mtu, yaani digrii 37, huviamsha. Bali joto lipitalo digrii 60 huviua.

Kijana akainamisha kichwa. Hamira ilikuwa njema, na mwenye duka hakuwa na kosa. Haraka haraka haina baraka.

Maswali
1. Kwa nini Fundi alitumia hamira ile ile katika vikombe vyote vitatu?
2. Kikombe cha kwanza na cha tatu vilitofautianaje mwishoni?
3. Kijana angemkosea nani kama asingalingoja?