Utando mweupe kwenye ulimi

SWALI: Ninaishi na VVU hapa Katuba, Lubumbashi, na ninakunywa dawa kila siku. Ulimi umeota utando mweupe. Nipige mswaki zaidi, ao ninunue tu dawa?

JIBU: Utando huo huenda ni kuvu, na mswaki hauondoi kuvu. Kuvu hiyo, kandida, huishi vinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru, kwa sababu kinga ya mwili na bakteria wa kinywani huizuia isienee. Chembe za CD4 zikishuka, hasa chini ya 200, inapata nafasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huweka kuvu isiyokoma mdomoni katika hatua ya 3 ya ugonjwa, na ikifika kwenye umio, hatua ya 4. Nystatini au flukonazoli inaweza kusafisha ulimi, lakini haitakuambia kama virusi vimeanza kuongezeka. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kitakachosema.

Utanijibu kwamba hukosi dozi hata moja. Sina sababu ya kukushuku: antibiotiki, kisukari, meno ya bandia au dawa ya pumu ya kuvuta huleta kuvu hata kwa asiye na VVU. Ila kwamba virusi havijaongezeka, hilo lithibitishwe kwa kipimo. Tena, utando ulio pembeni mwa ulimi usiokwanguka huenda si kuvu kabisa, bali kazi ya virusi vya Epstein-Barr, na flukonazoli haitausaidia. Mjamzito asiimeze bila ushauri wa daktari. Kumeza kukianza kuuma, usingoje siku ya miadi.