Siku tatu ndani ya maji: kwanga yetu inatulisha nini?

Wandugu wa ushirika,

Kule Peru, kwenye milima ya Andes, wakulima wanachimba shimo fasi maji yanapita, wanaweka viazi ndani pamoja na majani, wanaviacha miezi mingi. Viazi vinachacha, vinanuka sana, kisha wanapika uji. Wanaita tocosh. Mtu wa Kisangani hawezi kushangaa. Sisi tunafanya sawa vile na muhogo, na ile harufu tunaijua.

Juzi mama mmoja aliniuliza: "Mnunuzi anataka unga haraka. Anasema siku moja ya maji inatosha. Tukubali?" Nilimjibu hapana.

Muhogo, zaidi ule mchungu, uko na kitu kinaitwa linamarini. Mzizi ukilainika, linamarini inavunjika na kutoa sianidi, nayo ni sumu. Ndani ya maji, vijidudu vya kuchachisha vinatengeneza asidi na kulainisha mzizi. Hapo sumu inatoka: ingine inapotea hewani, ingine inabaki kwenye maji tunayomwaga. Kazi hiyo inaomba siku 3 ao 4, na maji yakiwa baridi, zaidi. Njo maana usihesabu siku peke yake. Chomeka njiti ya fagio: ikipita mpaka katikati bila nguvu, muhogo uko tayari. Ikikwama, rudisha majini. Na usiloweke kwenye kijito ambako watu wanachota maji ya kunywa.

Haraka hii ilikwisha kuumiza watu wa inchi yetu. Kule Kwango, mwaka 1938, daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa kwa ghafla, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama. Baadaye, kule kule Bandundu, watafiti walikuta familia zilizopunguza siku za maji ili ziuze mbio Kinshasa.

Kama unga umekwisha kutengenezwa na una mashaka, weka alama kwenye beseni pale unga unafika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Tandaza mwembamba, usipite sentimeta 1, saa 2 juani ao saa 5 kivulini. Pika fufu siku ile ile.

Sasa chakula chenyewe. Kuchachisha kunaondoa sumu, lakini hakuongezi protini. Nusu kilo ya unga inakupa nguvu ya kulima, lakini protini yake ni gramu 8 hivi, wakati mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Tena mwili unatumia sehemu fulani za protini ili kuua sianidi iliyobaki. Kwa hiyo mtoto anayekula fufu na chumvi tu anaumia mara mbili. Sombe, karanga, samaki, viwavi: hivyo si vya sikukuu. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemke sana.

Kwa yule mnunuzi, tulipanga hivi: mapipa manne, kila asubuhi tunaloweka pipa moja. Kuanzia siku ya tano, kila asubuhi kuna pipa lililo tayari, lenye siku 4 kamili majini, naye hangoji.