Somo la Nyumbani: Divai ya Rozela kwa Anayeanza

Mvua zikiisha huku Dodoma, rozela, ambayo wengi twaiita choya, huanikwa kila mahali: juu ya mikeka, juu ya mabati, hata barazani. Nyingine huuzwa, nyingine hupikwa juisi, na nyingine huingia katika madumu na kutoka humo ikiwa divai. Juu ya hiyo ya tatu ndipo tunapotaka kusema leo, kwa sababu watengenezaji ni wengi kuliko wanaojua wanachotengeneza.

Kwanza tuwaondolee wasiwasi ndugu zetu walioacha pombe kwa ahadi mbele za Mungu. Hatuwaandikii kuwashawishi. Tunawaomba wao nao wasome, maana huenda wao ndio watakaodhurika zaidi na divai inayokaribishwa mezani kwa jina la juisi.

Divai ni nini? Ni maji ya tunda au ua ambayo sukari yake imeliwa na hamira. Hamira si dawa wala unga tu. Ni vimelea hai, vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Bibi zetu walijua kwamba chungu kilichopikiwa pombe jana huianzisha pombe ya leo, lakini hawakuwa na darubini ya kuona sababu yake. Mwanachuoni Louis Pasteur wa Ufaransa, katika miaka ya 1850 na 1860, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba kuchachuka huku ni kazi ya viumbe hai. Mfaransa mwingine, Gay-Lussac, alikwisha kupiga hesabu yake mwaka 1815: sukari hugawanyika karibu nusu kwa nusu, nusu moja huwa kileo na nusu nyingine gesi ya kaboni dioksidi.

Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, jambo hili tulilionyesha kwa vitu vya shilingi chache. Tia maji ya uvuguvugu katika chupa, vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha hamira ya chenga, kisha vika mdomo wa chupa puto la watoto. Baada ya muda si mrefu puto litasimama lenyewe. Wanachuo walicheka, lakini hakuna aliyesahau. Nasi twamshauri kila anayetaka kutengeneza divai alifanye jaribio hili kwanza, kabla hajapoteza kilo mbili za sukari.

Sasa tupige hesabu. Katika lita moja, kila gramu 17 za sukari huleta kileo cha asilimia 1. Basi ukitia kilo 2 za sukari katika lita 10, yaani gramu 200 kwa kila lita, na hamira ikaila yote, utapata divai yenye kileo cha asilimia 11 au 12. Bia ya kawaida ina asilimia 5 hivi. Kwa hiyo glasi moja ya robo lita ya divai hii yalingana na chupa ya nusu lita ya bia, au huizidi kidogo.

Tafadhali rudia kusoma sentensi hiyo. Rozela ina rangi nzuri na uchachu wa kupendeza, na ikibaki na utamu kidogo ulimi hautambui kileo kilichomo. Tumeona katika sherehe jagi la juisi na jagi la divai yakiwa meza moja, yote mekundu, na watoto wakijimiminia watakalo. Mama mjamzito hapaswi kunywa kileo. Mtu anayetumia dawa za hospitali huenda akadhurika, na yule aliyetoka katika ulevi kwa machozi aweza kurudishwa huko na glasi moja aliyopewa kwa ukarimu. Ndiyo sababu tunasema mtengenezaji awe na karatasi, gundi na kalamu kabla hajawa na dumu. Kila chupa iandikwe DIVAI, INA KILEO, pamoja na tarehe. Na mgeni aambiwe kwa mdomo vilevile, maana si kila mtu husoma chupa.

Tuje kwenye vyombo. Rozela ni kali, nayo hula madini. Usiiache ilale katika debe la bati wala ndoo ya chuma iliyopakwa zinki, kwani zinki huyeyuka na kuwa sumu. Sufuria ya kawaida yafaa kwa kuchemshia tu, ikishachemka hamisha. Ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ni nzuri, na dumu la maji ya kunywa ni zuri pia. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya mimea, mafuta ya taa au rangi halifai hata likioshwa mara mia. Vyombo vyote vioshwe kwa sabuni, visuuzwe vizuri, kisha vimwagiwe maji ya moto kwa kadiri plastiki inavyostahimili. Asiyependa kuosha vyombo na atafute kazi nyingine.

Vipimo vya kupata lita 10 ni hivi: rozela kavu gramu 250, sukari kilo 2, maji lita 9, zabibu kavu robo kilo, chai ya rangi kikombe kimoja iliyokolea, na hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai. Zabibu na chai si mapambo. Zabibu ya shambani inayo ndani yake sukari, uchachu na chakula cha hamira, tena kwa wingi, ndiyo maana mkulima wa zabibu hapa Dodoma, anayevuna mara mbili kwa mwaka, haongezi mengi. Rozela ina uchachu wa kutosha, wala haihitaji ndimu, lakini chakula cha hamira ni kidogo mno. Zabibu kavu zikipondwa huleta chakula hicho, na chai huleta ule ukakasi unaoipa divai mwili.

Osha rozela kuondoa mchanga. Chemsha maji, tia rozela, acha ichemke dakika kumi, funika na uiache ipoe kiasi. Chuja kwa kitambaa cheupe safi, tia sukari na ukoroge mpaka iyeyuke yote. Ongeza chai na zabibu zilizopondwa. Ikiwa imepungua lita 10, jazia maji yaliyochemshwa. Sasa ngoja, kwani hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hamira ikitiwa katika maji ya moto hufa, na aliyeiua hukaa siku tatu akilaumu duka. Chovya kidole kilichooshwa: usisikie moto wala baridi. Pembeni, katika glasi ya maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha sukari, amsha hamira kwa robo saa. Ikitoa povu ni hai, itie. Isipotoa povu, nunua nyingine.

Hamira ya mkate ni ya jamii moja na hamira ya divai, ila haistahimili kileo kingi kama mwenzake. Huenda ikachoka kabla haijamaliza sukari, nawe ukapata divai tamu kidogo yenye kileo pungufu. Kwa anayeanza si hasara.

Kwa siku tatu za kwanza tumia ndoo kubwa, ya lita 15 au 20, kwa sababu povu hupanda. Ifunike kwa kitambaa kilichofungwa kamba, koroga asubuhi na jioni kwa mwiko safi. Weka mahali pa baridi ndani ya nyumba, sakafuni. Joto la mchana likizidi, zungushia ndoo gunia lililoloweshwa. Siku ya nne chuja zabibu, mimina katika dumu la lita 10 lijae karibu na shingo, na uanze kuizuia hewa. Pitisha mpira mwembamba katika kizibo, zibia kwa nta ya mshumaa, na ncha ya pili ya mpira uizamishe katika chupa ya maji. Ncha iliyo ndani ya dumu isiguse divai. Gesi itatoka kwa mapovu, na hewa ya nje haitaweza kuingia. Hewa hiyo, pamoja na vile vijinzi vidogo vinavyopenda matunda, ndivyo huleta vimelea vya siki.

Usifunge dumu kabisa wakati huu. Gramu 10 tu za sukari zilizobaki katika lita moja zaweza kutoa gesi ya kujaza zaidi ya lita mbili na nusu, nayo itatafuta njia. Wasikilizaji wa Bwana Yesu walilijua jambo hili kwa macho yao, aliposema juu ya divai mpya na viriba vikuukuu (Luka 5:37). Kiriba kipya ni ngozi laini, hunyumbuka gesi inapoongezeka. Kikuukuu kimekwisha kukauka, hupasuka. Chupa ya kioo hainyumbuki hata kidogo, na vipande vyake huruka.

Baada ya majuma matatu hivi mapovu yatapungua na chini patakaa sira, yaani hamira iliyochoka na vumbi la rozela. Divai ikikaa mno juu ya sira hupata ladha mbaya. Nabii Yeremia aliwasema Wamoabu kwa mfano huo huo, kwamba wametulia juu ya sira zao bila kumiminwa kutoka chombo hata chombo (Yeremia 48:11), na wakulima wa zabibu wa nchi ile bila shaka walimwelewa mara moja. Basi hamisha. Weka dumu juu ya meza na chombo kisafi chini, jaza mpira maji yaliyochemshwa, ziba ncha kwa vidole, ingiza moja katika divai na uachie nyingine chini, itashuka yenyewe. Kunyonya kwa mdomo ni kupeleka vimelea vya mdomo katika kazi ya mwezi mzima. Sira ibaki. Rudisha mpira wa gesi, ungoje mwezi, hamisha tena. Kwa jumla hesabu miezi mitatu mpaka uweze kuona kidole chako ng'ambo ya glasi.

Kabla ya kutia katika chupa za kioo, jaza chupa moja ndogo ya plastiki, ifunge sana, iache mezani juma zima. Ukiiminya ikawa ngumu kama mpira wa miguu, divai haijamaliza, rudi ukangoje. Ikibaki laini, endelea.

Yako maswali matatu ambayo hatuna budi kuyajibu kwa ufupi. Je, twaweza kuikeneka iwe kali zaidi? La. Hiyo ni gongo, sheria inaikataza, na watu wamepofuka na kufa kwa vinywaji vya namna hiyo. Je, twaweza kuuza? Si bila kibali na ukaguzi wa wakubwa wanaohusika. Je, yafaa mezani pa Bwana? Maaskofu wa Anglikana walipokutana Lambeth mwaka 1888 waliazimia kwamba kikombe kiwe na divai ya kweli, nayo kwa desturi ya Kanisa ni ya mzabibu. Kwa hiyo rozela, hata ikiwa nzuri namna gani, ibaki nyumbani.

Na dumu likikugeukia likawa siki, usilimwage. Siki yafaa kwa kachumbari na achari ya maembe. Ila uipeleke mbali na dumu jingine la divai, chumba kingine kabisa, na mpira uliotumika usiutumie tena.