Basi la Kikundi Likivuta Upande: Angalieni Springi na Kingi Pini

Kikundi kikinunua basi kuukuu, macho ya wote huwa kwenye injini. Lakini barabara zetu za mashimo hula gari huku mbele: springi, bushi na kingi pini. Na hivi ndivyo vinavyoshikilia magurudumu ambayo dereva anayaongoza.

Dereva huzijua dalili kabla ya fundi. Usukani unatetemeka, gari linavuta upande mmoja, tairi ya mbele inalika ukingo, au kuna kugonga ko-ko-ko mkivuka shimo. Akisema, msimwambie avumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Kabla ya kununua spea yoyote, pimeni wenyewe. Egesheni mahali tambarare, zuieni tairi za nyuma kwa mawe makubwa, inueni ekseli ya mbele kwa jeki, kisha wekeni stendi za chuma au magogo magumu chini yake. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Sasa mmoja ashike tairi juu na chini, asukume na kuvuta. Ikicheza, mwenzake akanyage breki. Mchezo ukiisha, shida ni beringi ya gurudumu, na pengine inataka kukazwa tu. Mchezo ukibaki, ni kingi pini. Halafu shikeni tairi kulia na kushoto. Ikicheza hivyo, angalieni vichwa vya tai rodi.

Kingi pini hubadilishwa pamoja na bushi zake. Kuna fundi atakayetaka kutia pini mpya kwenye bushi za zamani ili bei ishuke. Mkataeni. Bushi mpya ikishapigwa ndani huwa inabana, kwa hiyo ichongwe kwa rima mpaka pini iingie sawasawa bila kulegea. Tundu la bushi lilingane na tundu la grisi, la sivyo grisi haifiki na kazi yote ni bure. Kila mnapopiga grisi, gari liwe limeinuliwa, mpaka grisi chafu itoke.

Springi nayo ina mambo yake. Jani kubwa likivunjika, au bolti ya katikati ikikatika, ekseli husogea upande mmoja na gari huenda mshazari. Wengine hupeleka jani kuchomelewa. Hapana! Moto ule huondoa ugumu wa chuma, na jani hukatika tena kando ya mshono, pengine kwenye mteremko na basi limejaa. Nunueni jani jipya. Mkibadilisha springi nzima, badilisheni pande zote mbili, maana mpya na iliyochoka hazilingani kimo. Yu-bolti pia ziwe mpya, kwani za zamani zimekwisha kuvutika. Zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kisha zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Shokabsoba inayovuja mafuta imekwisha, msibishane. Baada ya kazi hizi zote gari lipimwe mwelekeo wa magurudumu, ama tairi mpya italika upesi.

Ya kujadili kikundini: Kwenu, nani ana amri ya kusimamisha basi lenye hitilafu, dereva au mweka hazina? Je, kuna pesa mnazoweka kando kila wiki kwa spea za mbele?