KUMPANDISHA MWENZAKO KWENYE KIPANDO
Haki ya mlemavu safarini

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), aliyewaumba waja wake kwa maumbile mbalimbali na akawapa wote heshima moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, somo la Ijumaa hii ni juu ya kupanda na kushuka. Mwenye miguu miwili yenye nguvu hufanya jambo hili mara nyingi kwa siku wala halifikirii. Husimamisha pikipiki, hutaja anakokwenda, hupatana bei, hupanda, safari imeanza. Lakini wapo ndugu zetu ambao kwao kupanda ndiyo safari yenyewe. Wakishindwa kupanda hawafiki sokoni, hawafiki hospitali, watoto wao hawafiki shule, na wala hawafiki hapa msikitini.

HALI YA MJI WETU

Bunia ni mji wa pikipiki. Kutoka Mudzipela, Nyakasanza na mitaa mingine kwenda soko kuu, wengi wetu tunategemea pikipiki. Imetusaidia sana, kwa kuwa hupita penye matope na mashimo ambapo gari hukwama. Lakini kiti chake ni cha juu na hakina pa kuegemea, na hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyedhoofishwa mguu na polio, au aliyekatwa mguu, au asiyeona.

Na watu hao si wachache. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyozuka tena mwishoni mwa mwaka 2017, vimewaacha wengi wakiwa wamepungukiwa viungo. Ongeza wazee, wagonjwa na waliopata ajali barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila watu sita duniani, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Sasa tazama safu uliyokaa, uhesabu watu sita sita. Ikiwa humwoni huyo mmoja, jiulize amebaki wapi, na kitu gani kimemzuia njiani.

Mambo yanayomzuia tunayajua. Mwendesha pikipiki akiona magongo hupita kama hakuona mkono ulioinuliwa. Mwingine husimama, lakini hudai nauli ya watu wawili akisema magongo ni mzigo. Mwingine humnyanyua abiria kwa makwapa bila kumuuliza, mbele ya watu, kama anapakia gunia. Mwingine humshusha kipofu ng'ambo ya mtaro, akamwambia umefika, akaondoka.

DINI INAFUNDISHA NINI

Kwanza: kumpandisha mtu ni ibada. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Akataja namna za sadaka hiyo, na miongoni mwake ni kumsaidia mtu apande mnyama wake au kumwinulia mizigo yake, na pia kuondoa kinachoudhi njiani. Zama zile kipando kilikuwa ngamia, farasi na punda. Leo ni pikipiki, taksi na basi. Kipando kimebadilika, hukumu ya wema haikubadilika.

Pili: asiyeweza kufika hasahauliwi. Itban bin Malik (r.a.) alipodhoofika macho, alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba mvua ikinyesha bonde hujaa maji na hawezi kuvuka kwenda kuwasalisha watu wake. Sisi wa Bunia tunaijua shida hiyo. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu, wala hakumwambia tu kwamba ana udhuru, kisha akamwacha. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akasali mahali Itban alipochagua. Basi ndugu zangu, udhuru ni nafuu aliyopewa mgonjwa na mlemavu. Sisi wazima hatukupewa ruhusa ya kumwacha nyuma.

Tatu: ulemavu hauondoi cheo. Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake. Mtume (s.a.w.) alimwachia Madina zaidi ya mara moja aliposafiri. Tena alikuwa mwadhini wa alfajiri. Kipofu anaijuaje alfajiri? Watu walimwambia kwamba kumekucha, naye akaadhini. Hawakumnyang'anya kazi kwa kuwa haoni. Walimpa kile kimoja alichokikosa, akafanya kazi yake. Huo ndio msingi wa somo letu lote: mpe mtu kile kimoja kinachomzuia, mengine atayafanya mwenyewe.

Nne: uongozi una wajibu. Mwanahistoria At-Tabari ameandika kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus kuanzia mwaka 705 hadi 715, alimpangia kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza, na akawapa riziki ili wasiombeombe. Hakuona aibu kutumia hazina ya dola kwa jambo hilo.

NJIA IKIFUNGULIWA, MLEMAVU HUJITEGEMEA

Wengine husema mlemavu akae nyumbani, atapelekewa sadaka. Hebu tutazame katika nchi yetu wenyewe. Kinshasa, kwenye bandari ya Ngobila, walemavu walipunguziwa nauli ya chombo cha kuvuka Mto Kongo kwenda Brazzaville. Kwa nafuu hiyo moja wengi wao wakawa wafanyabiashara, wakasafirisha bidhaa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Goma nako, walemavu wamevusha bidhaa kwenye mpaka wa Gisenyi kwa baiskeli za namna hiyo hiyo, wakalisha watoto wao. Hawakugawiwa mali. Walipata njia ya kupita, wakachuma.

Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa na sakafu iliyoinuliwa hadi usawa wa mlango wa basi, na mteremko wa kupandia badala ya ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Sisi hatuna mabasi hayo, lakini fikra yake haihitaji fedha nyingi: usimlazimishe mtu kupanda juu, inua ardhi imfikie.

YANAYOTUPASA

Kwa waendesha pikipiki. Simama anapokuita. Muulize kwanza, "Nikusaidie vipi?", kwa sababu yeye ndiye anayeujua mwili wake. Zima chombo na uegeshe mahali tambarare, upande ambao mguu wake wenye nguvu utakanyaga. Magongo yafunge kwa urefu ubavuni mwa pikipiki, yasikae mkingamo yakawagonga wapita njia. Mtu aliyepooza miguu huenda hasikii moto, basi hakikisha mguu wake haugusi bomba la moshi, maana ataungua bila kujua. Kwa asiyeona, mtajie noti za chenji moja moja unapompa, na umfikishe mlangoni. Kwa kiziwi, onyesha nauli kwa vidole kabla ya kuondoka.

Na nauli? Kupatana bei ni halali. Lakini kumzidishia mtu kwa kuwa hana uwezo wa kukataa na kwenda kwa miguu ni kuula udhaifu wake. Magongo si mzigo, ni miguu ya mwenyewe, na hakuna anayetozwa nauli ya miguu yake. Hata hivyo mwendesha pikipiki naye ana haki yake, anadaiwa petroli na hesabu ya mwenye chombo kila jioni. Ikiwa kiti cha magurudumu kweli kinachukua nafasi ya abiria wa pili, bei itajwe mapema, iwe ile ile ya mzigo wowote wa kadiri hiyo. Na tofauti hiyo sisi jamaa na majirani tuichangie. Franka chache kutoka katika sanduku la sadaka zinaweza kumfikisha mtu hospitali.

Kwa abiria na wapita njia. Katika gari mwachie kiti cha karibu na mlango. Usisukume kiti cha magurudumu wala kumshika kipofu mkono kabla ya kumuuliza. Na anayetandaza bidhaa au kurundika mchanga mbele ya duka, akumbuke kwamba mzima atazunguka, lakini mwenye kiti cha magurudumu atalazimika kushuka kati ya magari.

Kwa misikiti yetu. Tusiwaonyeshe wengine kidole na mlango wetu una ngazi. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 30, basi mteremko uwe na urefu wa mita 3 na sentimita 60. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na mahali pa kutawadhia pawe na bomba moja la kumfikia mtu aliyekaa. Mifuko ya saruji na vijana wenye nguvu tunao.

Kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa mzee na mlemavu haki ya hatua maalumu za kumlinda. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria maalumu, namba 22/003. Sheria ipo. Tunaloomba kwa adabu ni kuiona barabarani: mitaro ifunikwe penye vivuko, na vyama vya waendesha pikipiki vikae na vyama vya walemavu wakubaliane nauli moja inayojulikana na wote.

Ndugu zangu, tukitoka hapa mlangoni tutakuta pikipiki zimejipanga. Kabla hujapanda yako, tazama kama kuna anayesubiri kusaidiwa kupanda. Anza na huyo.

Ewe Mola wetu, wafanyie wepesi wenye shida miongoni mwetu, zifungue njia zao, lainisha nyoyo zetu na mikono yetu kwao, na uupe mji wetu wa Bunia na Ituri yote amani. Amin.